Ufunguo wa Mashine Niliyoilipia

Mwishoni mwa Desemba 2008, mnunuzi mmoja nchini Ufaransa alinunua laptopu ya Sony VAIO iliyokuwa tayari na Windows Vista pamoja na programu nyingine kadhaa ambazo hakuziomba. Alipoiwasha kwa mara ya kwanza na kuletewa masharti ya leseni, aliyakataa, kisha akaiandikia Sony akidai arudishiwe sehemu ya bei iliyohusu programu hizo. Sony ilikataa, na baadaye ikampa njia moja tu: arudishe mashine nzima, apewe euro zake zote 549. Naye hakukubali, kwa sababu laptopu aliitaka. Asichokitaka ni kile kilichokuwa ndani yake. Shauri lilipanda ngazi hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo tarehe 7 Septemba 2016 ilitoa uamuzi ambao wengi tunaofuatilia mambo haya tuliupokea shingo upande: kuuza kompyuta ikiwa imekwisha kuwekewa programu, bila kumpa mnunuzi nafasi ya kuipata mashine ileile ikiwa tupu, si hila ya kibiashara kwa kitendo hicho peke yake, ilimradi mnunuzi amejulishwa kabla ya kulipa, na muuzaji halazimiki kutaja bei ya kila programu iliyomo.

Nimeanza na shauri hili kwa kuwa linaonyesha mahali ambapo mjadala wa haki ya mnunuzi kuchagua mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta kama ilivyo Windows, ulikwama kwa muda mrefu, nako ni kwenye fedha. Kila aliyekwenda mahakamani alikuwa akiulizwa anadai kiasi gani. Nchini Italia Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2014, katika shauri dhidi ya Hewlett-Packard, kwamba anayekataa leseni ya Windows anastahili kurudishiwa thamani yake huku akibaki na kompyuta. Mwitalia mwingine aliibana Lenovo kwa msingi huohuo, na mwishoni mwa mwaka 2020 mahakama ya Monza ikaiamuru kampuni hiyo imlipe euro 20,000, kwa kuwa ilikuwa imemzungusha mahakamani mtu aliyekuwa akidai euro 42 tu. Nilifurahi sana niliposoma habari za hukumu hiyo, wala sioni haya kukiri kwamba furaha yenyewe ilikuwa na kijichembe cha kijicho.

Hata hivyo, euro 42 haziwezi kuwa kiini cha jambo hili. Laptopu nyingi ninazozishughulikia hapa Tanga ni za mtumba. Zimetumika maofisini Ulaya kwa miaka kadhaa, zikaja Dar es Salaam kwa kupitia Dubai au moja kwa moja, na leseni iliyolipiwa na kampuni ya kwanza haimwongezei wala haimpunguzii mnunuzi wa tatu hata shilingi. Mnunuzi huyo, ambaye mara nyingi ni mwalimu mkuu au mwenye duka la huduma za uchapaji, anachotaka kujua ni kama mashine itaukubali mfumo anaotaka kuuweka. Uhuru ninaouzungumzia ni huo hasa: nikishalipa, ni nani anayebaki na mamlaka ya kuamua programu ipi iamke kwanza ninapobonyeza kitufe cha kuwashia?

Zamani mamlaka hayo yalikaa kwenye mikataba. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, Microsoft iliwauzia watengenezaji wa kompyuta leseni zilizohesabiwa kwa prosesa. Mtengenezaji aliilipa Microsoft kwa kila kompyuta ya aina fulani iliyotoka kiwandani mwake, iwe ilibeba mfumo wa Microsoft au wa mtu mwingine. Matokeo yake ni rahisi kuyaona. Mtengenezaji aliyetaka kuweka mfumo wa mshindani alilazimika kulipa mara mbili, na hakuna mfanyabiashara anayependa kulipia kitu asichokitumia. Wizara ya Sheria ya Marekani iliingilia kati, Microsoft ikakubali mwaka 1994 kuachana na leseni za namna hiyo, na amri ya mahakama ikathibitishwa mwaka uliofuata. Lakini kufikia wakati huo mazoea yalikuwa yameota mizizi, na mikataba mingine ya chini kwa chini iliendelea kufanya kazi ileile.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mfumo ulioitwa BeOS. Ulitengenezwa na kampuni ndogo ya Be, iliyoanzishwa na Jean-Louis Gassée baada ya kuondoka Apple, na kwa enzi zake ulikuwa mwepesi na wa kasi ya ajabu katika kazi za sauti na video. Hitachi ya Japani ilikubali kuuza kompyuta zake za Flora Prius zikiwa na mifumo miwili, Windows na BeOS, ili mnunuzi achague mwenyewe. Kompyuta zilipofika madukani, BeOS ilikuwamo kweli ndani ya diski, ila haikuonekana popote. Menyu ambayo ingemuuliza mwenye kompyuta anataka kuwasha mfumo upi ilikuwa imeondolewa, na aliyetaka kuufikia mfumo ambao tayari alikuwa ameununua ilimbidi afuate maelekezo na kuuamsha kwa diski ya flopi. Be ilidai kwamba masharti ya Microsoft juu ya namna kompyuta inavyowaka ndiyo yaliyomfunga Hitachi mikono. Ilifungua kesi mwaka 2002, wakati tayari ilikuwa imekwisha kuuza mali zake, na mwaka 2003 Microsoft ikalimaliza shauri hilo kwa kulipa dola milioni 23.25 bila kukiri kosa. Fedha zilipatikana, mfumo ukawa umekufa.

Katika simu mambo yalikwenda hivyohivyo, mahali pa Microsoft pakiwa pamechukuliwa na Google. Mwaka 2012 Acer ilikuwa tayari kuzindua nchini China simu yenye mfumo wa Aliyun uliotengenezwa na Alibaba, lakini uzinduzi ukafutwa dakika za mwisho, Alibaba ikisema kwamba Acer ilitishiwa kuondolewa katika familia ya Android. Google nayo ilijitetea hadharani kwamba Aliyun ni Android iliyokatwakatwa isiyoafikiana na nyingine, na kwamba mwanachama wa umoja wao hapaswi kuuza kitu kama hicho. Miaka sita baadaye, tarehe 18 Julai 2018, Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34, na miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kuwazuia watengenezaji wanaotaka programu zake wasiuze hata simu moja yenye tawi la Android ambalo Google haijaliidhinisha. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliipunguza faini kidogo mwaka 2022, ila karibu yote mengine yakabaki.

Mikataba ya namna hii, pamoja na ubaya wake, ina udhaifu mmoja uliotufaa sisi tulio mwisho wa mnyororo: ilimbana mtengenezaji, haikumbana mnunuzi. Mwenye Flora Prius aliyekuwa na flopi yake mkononi hakuna aliyeweza kumzuia. Kompyuta ya miaka ile iliamsha chochote ulichoipa. Kilichobadilika tangu hapo ni kwamba kizuizi kimetoka kwenye karatasi kikaingia ndani ya chipu.

Kompyuta ya leo inapowashwa, programu ya kwanza kabisa kufanya kazi ni ile iliyomo kwenye ubao mkuu, ambayo mafundi bado tunaiita Biosi ingawa jina lake siku hizi ni UEFI. Kipengele kinachoitwa Secure Boot huiagiza programu hiyo ikague saini ya kidijitali ya kitu chochote kinachotaka kuamka baada yake, na kukikataa kisicho na saini inayotambulika. Lengo lenyewe ni halali, maana vipo virusi vinavyojificha chini ya mfumo endeshi, mahali ambapo programu ya kukinga virusi haiwezi kuvifikia. Penye utata ni kwenye orodha ya wanaotambulika. Funguo za kukagulia saini huwekwa kiwandani, na katika kompyuta nyingi mno za madukani funguo hizo ni za Microsoft.

Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, watengenezaji waliotaka kubandika nembo yake walipewa masharti mawili yanayopingana. Kompyuta zenye prosesa za Intel na AMD zilitakiwa kumruhusu mwenye nazo kuzima Secure Boot au kuweka funguo zake mwenyewe. Vifaa vyenye prosesa za ARM havikutakiwa kabisa kutoa nafasi hiyo. Ukitaka kujua sharti la pili lilimaanisha nini, itazame Surface RT, tableti iliyouzwa na Microsoft yenyewe: mfumo wake haukufika mbali, masasisho yake yakakoma rasmi Januari 2023, na mwenye tableti hiyo, hata kama kioo na betri bado ni vizima, hana njia rasmi ya kuweka mfumo mwingine wowote. Hata lile sharti la kwanza lililotulinda halikudumu. Kuanzia Windows 10 mwaka 2015, kumpa mnunuzi swichi ya kuzima Secure Boot kuliachwa kuwa hiari ya mtengenezaji.

Ndugu zangu wa Linux, mfumo endeshi huria unaoshindana na Windows, watasema kwamba jambo hili lilikwisha kutatuliwa, kwa kuwa matoleo yake kama Ubuntu na Fedora huwaka bila shida Secure Boot ikiwa imewashwa. Ni kweli huwaka, na mtu kama Matthew Garrett, aliyeandika programu ndogo ya shim inayowezesha jambo hilo, anastahili shukrani. Lakini shim hukubaliwa na kompyuta kwa sababu imetiwa saini kwa ufunguo wa pili wa Microsoft, ule wa programu za watu wengine. Maana yake ni kwamba mshindani anaingia sokoni kila siku kwa kibali cha yule anayeshindana naye. Kibali hicho kinaweza kubanwa, na mwaka 2022 tuliona dalili yake: laptopu ya ThinkPad Z13 ilitoka kiwandani ikiwa haiutambui ufunguo huo wa pili, kwa kufuata masharti mapya ya Microsoft juu ya kompyuta zenye ulinzi wa ziada. Aliyetaka Linux alipaswa kwanza kuingia kwenye Biosi na kuuruhusu. Kwa fundi ni kazi ya dakika chache. Kwa mwalimu wa Korogwe aliyepewa flashi na jirani yake, ujumbe mwekundu unaomwambia kwamba usalama umekiukwa unatosha kumfanya aamini kuwa ameharibu mashine ya shule.

Bado kompyuta zina nafuu. Simu ndiyo yenye hali mbaya zaidi, na simu ndiyo kompyuta ya Watanzania walio wengi.

Chukua simu yoyote ya Android uone mlango wenyewe ulivyo. Ingia kwenye Mipangilio, nenda Kuhusu Simu, utafute namba ya toleo la mfumo na uigonge mara saba, na simu itakuambia kwamba sasa umekuwa msanidi programu. Orodha mpya itajitokeza, na ndani yake hupaswa kuwamo swichi inayoruhusu butiloda ifunguliwe, yaani ile programu ndogo inayoamsha mfumo endeshi. Katika baadhi ya simu swichi hiyo ipo na inafanya kazi. Katika nyingine ipo lakini imefifia, haibonyezeki. Katika nyingine haipo kabisa. Xiaomi humtaka mwenye simu ajisajili, aombe, kisha asubiri, mara nyingi kwa siku kadhaa. Huawei ilikuwa ikitoa namba za kufungulia bure kwa kila aliyeomba, halafu mwaka 2018 ikatangaza kuacha, na waliokwisha kununua kwa kutegemea huduma hiyo wakaachwa hivyohivyo. Simu za Samsung zinazokubali kufunguliwa hubeba ndani yake fyuzi ya kielektroniki, ambayo mfumo usio wa kiwandani ukiwekwa huungua mara moja na hairudishiki, na baadhi ya huduma za kulinda siri za simu hiyo hazifanyi kazi tena hata ukiurudisha mfumo wa awali neno kwa neno.

Tuseme umefaulu. Simu inafutwa kila kitu, jambo ambalo ni sahihi, kwa sababu vinginevyo mwizi angefungua butiloda na kusoma picha zako. Unaweka mfumo kama LineageOS, na simu iliyokwisha kuachwa na mtengenezaji inapata masasisho mapya ya usalama. Hapo ndipo mlango wa mwisho unapofungwa. Google huzipa programu za watu wengine njia ya kuuliza kama simu bado iko kama ilivyotoka kiwandani, na benki nyingi hutumia njia hiyo. Programu ya benki yangu ilikataa kufunguka kwenye simu yangu niliyoibadilisha mfumo, kwa maelezo mafupi kwamba kifaa hicho si salama. Kwenye simu ya zamani ya mke wangu, ambayo haijaguswa na sasisho lolote la usalama kwa miaka, programu ileile ilifunguka bila kunung'unika. Nilipowauliza wahudumu wa benki kwa simu niliambiwa ninunue simu mpya. Menyu ya M-Pesa ya *150*00#, kwa bahati njema, haijali simu yako inaendeshwa na nini, na kwa sababu hiyo mwananchi wa Tanzania mwenye simu ya vitufe anao uhuru ambao mwenye simu mahiri amekwisha kuupoteza.

Kuna wanaosema kwamba mnunuzi anajua anachokinunua, na kama hapendi simu iliyofungwa basi asiinunue. Ndiyo hoja iliyobeba uamuzi wa mwaka 2016. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama kilichouzwa kingebaki kilivyouzwa, na hapo ndipo kisa cha PlayStation 3 kinapoingia. Sony iliiuza mashine hiyo tangu mwaka 2006 ikiwa na kipengele rasmi cha kumwezesha mwenye nayo kuweka mfumo mwingine, na watu wakaweka Linux. Wengine hawakuinunua kwa ajili ya michezo hata kidogo. Maabara ya utafiti ya Jeshi la Anga la Marekani iliunganisha PlayStation 3 zipatazo 1,760 kuwa kompyuta moja kubwa ya mahesabu, kwa kuwa ilikuwa njia ya bei nafuu kuliko kununua prosesa zenye uwezo huo mahali pengine. Tarehe 1 Aprili 2010 Sony ilitoa sasisho namba 3.21 lililoondoa kipengele hicho, ikitaja sababu za usalama. Aliyekataa sasisho alibaki na Linux yake, ila hakuweza tena kuingia kwenye mtandao wa michezo wa Sony wala kucheza michezo mipya iliyodai toleo jipya. Aliyelikubali alibaki na michezo, akapoteza kompyuta. Vyote viwili alikuwa amekwisha kuvilipia. Kesi ya pamoja ya wanunuzi iliburutwa kwa miaka na kumalizika kwa mfuko wa dola milioni 3.75 wa kugawana, ambao ukiugawa kwa mashine zilizouzwa Marekani ni fedha za soda.

Sioni tofauti kubwa kati ya kitendo hicho na muuzaji wa gari anayerudi usiku kung'oa gia ya nyuma, na sijui kwa nini sheria inapata kigugumizi kwa sababu tu kilichong'olewa ni programu.

Hapa kwetu kufuli la simu lina sura nyingine ambayo ni lazima niitendee haki. Mwaka 2020 Safaricom na Google zilianzisha Kenya mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, ambao mtu alipata simu ya 4G kwa kianzio kidogo kisha akalipa shilingi 20 za Kenya kwa siku, na simu ilijifunga alipoacha kulipa. Mipango ya aina hiyo imeenea, Tanzania ikiwamo. Kama butiloda ya simu ya mkopo ingefunguka kwa kila mtu, fundi yeyote angeifuta kufuli kwa nusu saa, mkopeshaji angefilisika, na mama muuza mboga asiye na dhamana ya benki asingeipata simu. Kwa hiyo siwezi kusimama na kudai kwamba kila kufuli ni dhuluma. Mwenye mali kabla ya deni kuisha ni mkopeshaji, na ana haki ya kuilinda. Ninachodai ni kile kinachofuata baada ya malipo ya mwisho. Siku deni linapokwisha, simu huacha kujifunga, lakini uwezo wa kuamua mfumo upi uendeshe simu hiyo haumrudii aliyelipa. Unabaki kiwandani ulikokuwa tangu mwanzo. Mtu amemaliza deni, na bado hajakabidhiwa mali yote.

Hoja ya usalama nayo nimeigusa, ila inahitaji jibu lililonyooka zaidi, kwa sababu ndiyo ngao ya kila mtengenezaji. Wanasema kwamba ukimpa mwenye simu ufunguo umempa mwizi pia. Simu za Pixel za Google yenyewe zinakanusha jambo hilo. Pixel iliyouzwa bila mkataba wa kampuni ya simu hufunguliwa butiloda kwa amri moja kutoka kwenye kompyuta. Unaweka mfumo mwingine kama GrapheneOS. Kisha unaifunga butiloda tena kwa funguo za mfumo huo mpya, na kuanzia hapo simu hukagua saini kila inapowaka kwa ukali uleule wa kiwandani. Mwizi haingii, kirusi hakijifichi, na mwenye simu ndiye aliyechagua nani aaminiwe. Kompyuta zinazomruhusu mtu kuweka funguo zake kwenye Secure Boot zinafanya jambo lilelile. Ulinzi huu hauhitaji kampuni ndiyo ishike funguo milele, na wanaosema unahitaji wanalijua hilo kuliko mimi.

Ningependa wenye mamlaka walifikirie jambo hili kama suala la mauzo, wasiliachie wataalamu wa kompyuta peke yao. Tume ya Ushindani ya Tanzania ina wajibu wa kumlinda mlaji, na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilipozima simu bandia Juni 2016 ilithibitisha kwamba nchi inaweza kuamua simu ya namna gani ifanye kazi katika mitandao yake. Nchi yenye uwezo huo inaweza pia kumtaka mwagizaji aandike kwenye boksi, kwa Kiswahili, kama butiloda inafunguka au haifunguki na masasisho ya usalama yataendelea hadi mwaka gani. Inaweza kukataza kipengele kilichokuwamo siku ya mauzo kuondolewa baadaye bila ridhaa ya mnunuzi. Na ingeweza, hili ndilo ningelipigania zaidi, kusema kwamba siku mtengenezaji anapotangaza kuacha kukihudumia kifaa, atoe njia ya kukifungua, kwa sababu hana tena sababu ya usalama ya kukifunga: yeye mwenyewe ndiye aliyekoma kukilinda. Ulaya tangu Juni 2025 inawataka watengenezaji wa simu waendelee kutoa masasisho kwa angalau miaka 5 baada ya kuacha kuuza aina husika. Ni hatua nzuri, ila simu zinazotufikia sisi huanza maisha yao ya pili wakati miaka hiyo imekwisha kuliwa.

Wakati huohuo wimbi jingine liko njiani. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane. Maofisi ya Ulaya yanaziondoa mezani kompyuta ambazo hazina kasoro nyingine yoyote, na tutaziona Kariakoo kwa bei ambayo hatujawahi kuiona. Kwa shule zetu hiyo ni neema, kwa sababu laptopu yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu huiendesha Linux Mint kwa wepesi hata ikiwa ya mwaka 2016. Aidha, kazi ya kuiweka mifumo hii katika lugha yetu si ngeni hapa nchini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilikwisha kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa.

Lakini katika shehena hiyo ya neema wamo mbuzi waliomo kwenye gunia. Kampuni iliyoziuza huenda iliweka nywila kwenye Biosi na kusahau kuiondoa, au iliziacha zikiwa zimesajiliwa kwenye mfumo wake wa usimamizi, ili kila zinapounganishwa na intaneti wakati wa kuwekewa Windows upya zijitangaze kuwa ni mali ya ofisi ya Manchester. Kwa hiyo mimi huenda na flashi yenye Linux mfukoni. Kabla ya kuulizia bei huiwasha laptopu nikiwa nimeshikilia F2 kama ni Dell, F10 kama ni HP, F1 kama ni ThinkPad. Nikiombwa nywila ambayo muuzaji haijui, ninairudisha mezani. Nikiingia, ninaangalia kama Secure Boot inazimika na kama kile kipengele cha kufuatilia kompyuta iliyoibwa hakijawashwa, kisha ninaiwasha kwa flashi yangu na kuangalia kama Wi-Fi, sauti na kamera vinaitika. Wauzaji mwanzoni waliniona msumbufu. Sasa yupo mmoja ambaye, akipokea mzigo, hutenga kwanza zile zisizo na nywila na kuziwekea bei ya juu kidogo kuliko wenzake, na mimi hulipa.